Kisiwa Ambako Yaya Alivua Bote

Yaya wangu alikaa nyumbani kwangu Vulamba, mtaa wa Butembo, zaidi ya mwaka mzima bila kulala kitandani. Kwetu Butembo yaya ni mkubwa wako, awe mwanamume au mwanamke. Huyu ni kaka yangu, kifungua mimba wa mama yetu. Kitanda nilimpa. Cha mbao ya libuyu, godoro jipya, blanketi mbili nzito kwa sababu baridi ya mji wetu haina huruma. Akakitazama kwa heshima, akanishukuru, kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha sebuleni karibu na mlango, bote zake, viatu virefu vya mpira, miguuni, mfuko wenye karatasi za familia shingoni. Alikaa hapo usiku ule, na uliofuata, na mingine yote.

Alikuwa mkulima wa kakao kule Mbau. Usiku ule watu wenye mapanga walipoingia upande wa mashamba yao, alipona kwa sababu alikuwa amesinzia na bote zake, amechoka na mavuno. Majirani waliosimama kutafuta viatu gizani hawakufika barabarani. Yeye alibeba watoto wawili, mkewe akabeba mdogo, wakatembea mpaka Beni. Tangu hapo, giza likiingia, bote hazikutoka miguuni mwake. Mchana alizivua, akaziosha, akaosha na miguu, akazivaa tena kabla jua halijazama. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi sikuwa na la kumlaumu.

Lililokuwa gumu ni watoto. Yeye na mkewe walipanga nyumba Beni, na karibu kila usiku yaya aliwaamsha. Mbwa akibweka, yeye yuko wima. Pikipiki ikizima mbele ya nyumba, tayari ameshawashika watoto mikono, wako barabarani na nguo za kulalia, wanalia. Mdogo akaanza kuogopa kila jioni, hata kabla ya giza. Mwisho mkewe, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akamwomba aende kwangu kwanza, apumzike. Sababu yenyewe aliniambia mimi kwenye simu, kwa kuwa hakuweza kumwambia yeye usoni.

"Siku atalala usiku muzima bila bote, akuye," alisema. "Namupenda, mais batoto nabo bako na haki ya kulala."

Basi shauri lote lilikuwa hilo. Usiku mmoja bila bote, na mtu angerudi kwa mke wake na watoto wake. Ukisikia hivyo unadhani ni jambo dogo. Mimi nauza rangi, misumari na mabati, na subira si bidhaa ya dukani kwangu. Nilijaribu yote ambayo mtu asiye na subira hujaribu. Maziwa ya moto. Misa ya asubuhi. Dawa za daktari, ambazo alizikataa akisema mtu aliyelala kwa dawa hasikii kitu. Mara moja nilizificha bote zenyewe. Akasimama nyuma ya mlango mpaka kukacha, na mimi niliyekuwa namsikia akihema nikalala vibaya kuliko yeye. Asubuhi nikazirudisha.

Nina rafiki wa biashara, Mwislamu wa Beni, ambaye mume wake ana lori linalobeba mizigo kati ya Kampala na kwetu. Mimi na yeye huenda Kampala kununua pamoja. Safari moja nikasema tumchukue yaya atulindie mizigo, maana wapi pengine utapata mlinzi asiyesinzia? Yaya mwenyewe alicheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Tulinunua, tukapakia, lori likaondoka, na tukaambiwa kwamba mpakani Kasindi mizigo haitashughulikiwa kabla ya Jumatatu. Wikendi nzima ikabaki mikononi mwetu bila kazi, na mtu wa Butembo bila kazi ni mtu mgonjwa.

Ndipo rafiki yangu alipoleta habari za ziwa. Aliwahi kufika Bunyonyi na dada zake: ziwa la milimani, kusini-magharibi mwa Uganda, lenye visiwa vingi vidogo, na vingine havina mtu hata mmoja. Unakodi mitumbwi midogo, unapiga kasia, unalala kwenye hema, unarudi kesho yake. Halina mamba wala kiboko, si kama ziwa letu la kule chini. Mimi nilimcheka. Mtu ana nyumba yake, ana paa lake la mabati, halafu aende kulala chini ya turubai kwenye nyasi kwa hiari yake? Sisi kwetu tumeona maturubai ya wakimbizi ya kutosha.

Rafiki yangu hakucheka. Alisema amefikiri sana juu ya yaya. Kisiwa kisicho na watu, maji pande zote: nani atakuja? Hapo mtu anaweza kuvua bote. Mimi sikuwa nimelifikiria hilo, na nilichukia kidogo kwamba yeye ndiye aliyelifikiria.

Tulimweleza yaya. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake, halafu akasema neno moja tu.

"Pahali hakuna batu, ni pale banajifichaka."

Kwa mtu wa Mbau, msitu usio na watu ndio msitu wa kuogopa. Palipo na moshi wa jikoni na kelele za watoto, hapo pana usalama. Palipo kimya, unakimbia. Sisi wawili tulikuwa tumempa kama dawa kile kile kilichomuuma. Lakini alikubali kwenda. Hakuweza kuwaacha wanawake wawili waende pahali pa namna hiyo bila mlinzi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa ukingoni mwa ziwa. Nilishangaa kuona ni kama kwetu: vilima vimelimwa mpaka kileleni, matuta juu ya matuta, baridi ile ile ya milima yetu ya Lubero inayoingia kwenye mikono ya koti. Yaya aliinama, akachukua udongo, akauvunja kwa vidole, akaunusa. Akasema ni mzuri kwa viazi. Mnande, mtu wa kabila letu, umpeleke popote, kwanza ataangalia udongo, ndipo atakuuliza uko wapi.

Mwenye mitumbwi alikuwa mtu wa makamo mwenye Kiswahili cha sokoni na uso usiobishana. Alituonyesha mitumbwi yake, ile wanayoiita kayaki: ya plastiki, rangi ya machungwa, iko wazi juu, imebonyea katikati kidogo kama beseni refu. Mmoja wa mtu mmoja, na mwingine mrefu wa watu wawili. Kasia lina bawa pande zote mbili, unalichovya kushoto, unalichovya kulia. Alitufunga jile, fulana za kuelea, vifuani mpaka nikashindwa kuhema. Kisha akaitazama miguu ya yaya, akatikisa kichwa. Bote haziingii kwenye mtumbwi, alisema. Ukianguka majini zinajaa, zinakuvuta chini, na jile haitakusaidia. Hiyo ilikuwa sheria yake, na asiyeifuata abaki nchi kavu.

Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini ilikuwa mchana, na yaya ni mtu anayeheshimu sheria ya mwenye kitu. Alikaa kwenye jiwe, akavua bote, akakunja soksi ndani yake, akazifunga pamoja kwa kaucu, ule ukanda wa mpira wa tairi tunaofungia mizigo kwenye pikipiki. Akaziweka kwenye mfuko wa mizigo na akahakikisha mfuko uko mahali anapoweza kuufikia.

Mimi siogopi mpaka, siogopi polisi wa barabara, siogopi mteja mlevi. Maji nayaogopa. Nimezaliwa mlimani, na maji niliyoyazoea ni ya kwenye ndoo. Mtumbwi ulipoacha ukingo nilishika kingo zake kwa mikono yote miwili nikasahau kwamba na mimi nilipewa kasia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mwenye mitumbwi, aliyekuwa anatutangulia kwenye mtumbwi wake wa mti, alikuwa ametuambia kwa fahari kwamba katikati hakuna aliyewahi kugusa chini. Angeweza kuinyamazia habari hiyo. Rafiki yangu alikuwa mbele, peke yake, hijabu yake imefungwa vizuri chini ya kidevu, anapiga kasia kama anayetwanga, na kila mara anageuka kunicheka.

Yaya alikuwa nyuma yangu. Mikono iliyozoea panga na magunia ya kakao iliushika ule mchezo upesi kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na sauti ya kasia tu, kushoto, kulia, na matone. Baadaye kidogo nikasikia kitu ambacho sikukitambua mara moja. Yaya alikuwa anaimba, chinichini, wimbo wa kupalilia wa mama yetu. Nilitaka kugeuka nikaogopa kupindua mtumbwi. Nikamuuliza nikiwa bado natazama mbele kama haogopi.

"Hapana," alisema. "Huku naona pande yote."

Nilitokwa na machozi, na nilishukuru kwamba alikuwa nyuma yangu.

Kisiwa chetu kilikuwa kidogo, kilima kimoja cha nyasi na miti, unaweza kukizunguka kabla chungu cha maharage hakijachemka. Mwenye mitumbwi alitusaidia kusimamisha mahema mawili, akatuonyesha mahali pa kuwashia moto, akasema atarudi kesho mchana, akaenda zake. Mimi nilipokanyaga ardhi nilishusha pumzi zote nilizokuwa nimezibana. Yaya alipokanyaga ardhi alivaa bote.

Nikaona tumerudi pale pale. Alikizunguka kisiwa akitazama chini, akitafuta alama za miguu. Alizunguka tena kwa upande mwingine. Aliingia kwenye miti akatoka, akahesabu njia za kukimbilia, akakuta kwamba zote zinaishia majini, na uso wake ukafungwa. Rafiki yangu alipika bugali na makayabo, samaki wa chumvi, tukala tukitazama vilima vya ng'ambo, na chakula kilikuwa kitamu kama kinavyokuwa chakula cha nje. Yaya alikula amesimama.

Jua lilipokaribia kuzama niliinjika chai. Kabla maji hayajachemka, yaya akaja na sufuria ya maji ya ziwa akaumwagia moto wote. Alisema moto wa usiku unaita watu. Hapo nilikasirika. Nilikuwa na baridi, nilikuwa na hamu ya chai, na nilikuwa nimechoka na mwaka mzima wa bote zile. Nilimuuliza ni watu gani, waitwe kutoka wapi, hawa samaki? Nilimwambia mengi, nusu yake siikumbuki, na nyingine naikumbuka. Yeye alisimama na sufuria tupu mkononi. Rafiki yangu alimimina ile chai ya uvuguvugu kwenye vikombe, akanywa chake chote, akasema ni nzuri. Nilikuwa nimemkasirikia yaya, na nilikuwa namwonea huruma, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kilichoniuma zaidi.

Aliposema kwamba atalinda mitumbwi, nilimjibu alinde. Nikiwa ndani ya hema nilisikia plastiki ikiburutwa juu ya nyasi, ikipanda kilima, ikishuka upande wa pili. Nilijua anachofanya. Kule Mbau hakuna anayeacha pikipiki mlangoni. Unaisukuma mpaka ndani ya kakao, unaifunika majani, ili mpita njia wa usiku adhani nyumba haina mtu. Alikuwa anaificha mitumbwi yetu kwenye mafunjo, yale majani marefu yanayosimama ukingoni. Nikamwacha. Nilivuta blanketi nikalala.

Niliamshwa na mkono wenye maji baridi uliougusa mguu wangu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Rafiki yangu alikuwa amekwenda kutawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, na alikuwa amerudi bila kusali. Alinifanyia ishara nimfuate. Tulipanda kilima, tukashuka upande wa pili mpaka kwenye mafunjo. Hapakuwa na mtumbwi wala yaya. Juu ya jiwe, ukingoni kabisa, bote zake zilikuwa zimesimama sawasawa, soksi zimekunjwa ndani.

Mtu huyu hakuvua bote usiku kwa padri, hakuvua kwa daktari, hakuvua kwa mke wake. Nilizitazama bila miguu ndani yake na nikaona kwamba wale wa mapanga walikuja. Alikuwa amesema ukweli, pahali hakuna watu ndipo wanapojificha, na mimi nikamtukana kwa ajili ya chai. Au alijitia majini mwenyewe. Kwenye mafunjo palikuwa na pengo kubwa, kama jino lililong'oka, na maji ya hapo yalikuwa ya tope. Moyoni nilimwita Nyamuhanga, Mungu wa wazee wetu, kwa Kinande na Bikira Maria kwa Kifaransa.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Rafiki yangu ndiye aliyeona kwanza. Alininyooshea kidole. Mbali na ukingo, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, kulikuwa na kichaka kidogo cha mafunjo kinaelea peke yake, kinazunguka taratibu, na pembeni yake mitumbwi yetu miwili ya rangi ya machungwa, imefungwa kwenye mashina kwa kaucu. Ukungu ulipopanda kidogo niliona miguu. Nyayo mbili, nyeupe na zenye mikunjo kama za mtu aliyefua siku nzima, zimeegemezwa juu ya ukingo wa mtumbwi mrefu. Hazikutikisika.

Nilikuwa nazitazama zile nyayo na kuomba kitu kimoja tu. Kisha mguu wa kulia ukainuka, ukaukuna wa kushoto, ukarudi mahali pake.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande na nikalia na kucheka kwa pamoja, nimeziba mdomo kwa kitenge. Sijawahi kufurahi namna ile, wala siku ya harusi yangu, na mume wangu akisoma haya asinune. Alikuwa amelala. Yaya wangu alikuwa amelala chali, miguu wazi, katikati ya ziwa, jile yake imekuwa mto wa kichwa. Nilivuta pumzi nimwite kwa nguvu zangu zote.

Rafiki yangu alinishika bega. "Umuache alale kwanza."

Nikamwonyesha ile hali: sisi tuko kisiwani bila mtumbwi, yeye anazidi kwenda. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba hakuna upepo, kwamba kasia liko pale pembeni yake tunaliona, kwamba ng'ambo kuna mashamba na wanawake wanaoteka maji, na mwenye mitumbwi atakuja mchana kwa vyovyote. Kisha akatandika shuka lake, akasali. Mimi nilisali rozari kwa vidole kwa sababu shanga zilikuwa zimebaki hemani na sikutaka kuondoka pale. Baadaye tulikaa bega kwa bega, tukala mkate wa jana, tukamlinda mlinzi wetu. Mimi ambaye simngojei mteja amalize kuchagua misumari, nilingoja. Jua lilitoka nyuma ya vilima, likagusa maji, likagusa mafunjo, likafika kwenye nyayo zake, na bado akalala. Kila dakika ilinipa furaha. Nilikuwa nikizihesabu kama kitu anachorudishiwa.

Alipoamka, nilijiandaa kwa yale niliyoyazoea, kuruka, kuita, mikono kutafuta watoto. Aliketi polepole. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akageuka nyuma. Maji. Alichota kidogo kwa kiganja akanawa uso. Ndipo alipotuona tumesimama ukingoni, akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa, akashika kasia. Hakujua kwamba angeweza kufungua kaucu, au hakufikiri, maana alirudi anaburuta mtumbwi wa pili pamoja na kile kichaka chote cha mafunjo.

Alishuka kwenye maji ya magotini, akasimama hapo. Aliitazama miguu yake.

"Nililala," alisema, kama anayetoa ripoti ya wizi. "Miye nililala."

Nilimwambia nimeona, na kwamba mlinzi anayelala kazini tunamfukuza. Akacheka. Safari hii si upande mmoja wa mdomo. Alicheka mpaka akashika mtumbwi asianguke, na rafiki yangu akacheka, na bote zikabaki juu ya jiwe.

Alitueleza tukiwa tunachemsha chai, moto mkubwa. Alificha mitumbwi kwenye mafunjo, akaifunga kwenye mashina kwa kaucu mara nyingi, vizuri, kama anavyofunga magunia. Alikaa kando kulinda. Lakini miti nyuma yake haikumwacha, kila jani likitikisika anageuka. Akakumbuka kwamba kwenye mtumbwi unaona pande zote. Basi aingie aketi humo kidogo tu. Bote haziingii kwenye mtumbwi. Mwenye mitumbwi alikuwa amesema, hata kama hayuko. Akazivua, akaziweka juu ya jiwe karibu na mkono wake. Alipotaka kuzigusa mara ya pili jiwe lilikuwa mbali, na yeye alikuwa na usingizi uliomzidi, na akajiambia kwamba mtu akija sasa itabidi aogelee. Hilo ndilo jambo la mwisho analolikumbuka.

Mwenye mitumbwi alipokuja aliliona lile pengo, akaona kichaka, akacheka mpaka machozi. Mafunjo ya pale hayashiki udongo, alisema. Mizizi yake inaelea. Hakuna mtoto wa ziwa hilo anayeweza kufunga kitu hapo, ni sawa na kufunga mbuzi kwenye mkia wa mbuzi mwingine. Yaya alisikiliza akitikisa kichwa. Kwa mtu wa kakao, chenye mizizi kimesimama, basi. Nani angemwambia kwamba kuna mimea inayosafiri?

Jumatatu mizigo ilivuka Kasindi, na jioni tulifika Beni. Njia nzima sikuthubutu kusema neno juu ya usiku unaokuja. Kulala majini si kulala mjini. Beni mbwa wapo, pikipiki zipo, na giza ni lile lile. Mke wa yaya alitupokea mlangoni, watoto wakamning'inia baba yao kila upande, na mimi nilimvuta pembeni jikoni nikamsimulia yote, haraka haraka, na mikono. Alinisikiliza bila kucheka hata nilipofika kwenye mbuzi. Mwisho aliniuliza swali moja.

"Bila bote?"

"Bila bote," nilisema. "Hata soksi."

Alirudi sebuleni, na nilimwona akisimama mbele ya mume wake na kumnyooshea mikono yote miwili, viganja juu. Yaya akaketi, akavua bote, akampa.

Nililala kwa rafiki yangu, yaani nilijilaza tu. Safari hii mimi ndiye niliyesikia kila mbwa na kila pikipiki ya Beni, simu kwenye kiganja, nikingoja iite. Haikuita. Kulipokucha nilitoka bila kunywa chai nikaenda kwao kwa miguu.

Mke wa yaya alikuwa uani. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, uwanja haujafagiwa. Juu ya miti ya uzio bote zilikuwa zimegeuzwa soli juu, zimeoshwa nje na ndani, zinadondosha maji; hata angezitaka usiku asingeweza kuzivaa. Watoto wote watatu walikuwa wameketi kwenye ngazi ya mlango wanakula mikate bila kusukumana. Nilifungua mdomo kuamkia. Yule mdogo, anayenijua, akaweka kidole midomoni.

"Bado analala," mama yake aliniambia kwa sauti ya chini.

Mizigo yangu ilikuwa inaningoja Butembo. Nikaketi kwenye ngazi pamoja nao, nikanyamaza.